Soda Haina Kura

Justa hakuwa na haja ya kupima maoni ya mtu. Alitaka viti vyake viache kuvunjwa.

Grosari yake ya bia ilikuwa Kirumba, Mwanza, jirani na barabara inayoshuka soko la samaki la Mwaloni: chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, na mbele yake ukumbi wa mabati uliozungushiwa matete. Aliifungua baada ya kiwanda cha nguo kupunguza wafanyakazi, yeye akiwa miongoni mwao, ingawa alikuwa ameshika mashine za nyuzi tangu usichana wake. Wateja walimwita Mama Kabula, kwa jina la binti yake aliyekuwa anasoma sekondari Misungwi. Wengi wao walikuwa wachuuzi wa samaki, mafundi wa boti, vibarua wa viwanda vya minofu ambao hata wakioga mara mbili bado walinuka sangara, na wastaafu waliokuja kusoma magazeti ya wenzao.

Mwaka ule wa tisini na tano magazeti yalikuwa yanazaliwa kama vifaranga, na kila mnywaji alikuwa na mgombea wake. Rais alikuwa anakwenda kuchaguliwa kati ya watu wanne. Ubishi ulianza mara tu watu wanapotoka kazini, ukapanda na bia, na ilipofika magharibi hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Siku moja fundi mmoja wa boti alimpasua shemeji yake kichwa kwa mguu wa kiti, eti kwa sababu alimwita mgombea wake mwizi.

Asubuhi yake Justa alisuuza madebe manne ya mafuta ya kupikia. Akakata picha za wagombea kwenye magazeti, akabandika moja kwa kila debe, akayapanga juu ya benchi kando ya kaunta.

"Kuanzia leo sitaki kusikia jina la mgombea humu ndani," aliwaambia walipofika. "Ukinywa chupa yako, kizibo ni chako. Kitie kwa yule unayemtaka, urudi ukae. Basi."

Walicheka, halafu wakaupenda mchezo. Mtu aliinuka na kizibo chake, akasimama mbele ya madebe kama aliyesahau kilichomleta, akakidondosha, akarudi kwenye kiti. Ubishi ulipungua. Kila Jumamosi jioni Justa alimwaga madebe moja moja juu ya kaunta, akahesabu watu wote wakiona, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa bei. Walioshinda walipiga meza, walioshindwa waliagiza nyingine, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Aliyeuchukua mchezo huo kwa moyo zaidi ya wote ni mzee Yakobo. Alikuwa amestaafu ufundi wa injini katika meli za Nansio, na alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza pombe miaka mingi nyuma. Alifika kila siku saa kumi, akanywa soda moja ya machungwa polepole hadi barafu iliyogandia kwenye chupa ikaisha, kisha akafuta kizibo kwa leso yake na kwenda mbele ya madebe. Alisimama akiwapa watu mgongo, mkono mmoja ukikinga mwingine, asionekane amekitia wapi.

"Mzee, leo umempa nani?" walimtania.

"Wewe umeniona nikikuuliza?"

Siku moja Justa alimsalimia, "Shikamoo, baba," naye baada ya kuitikia marahaba alibaki amesimama kaunta.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimepiga kura tangu sitini na tano. Kila mara naonyeshwa picha moja, naulizwa naitaka au siitaki. Sasa ndio naulizwa namtaka nani. Nikikaa nyumbani nawaza jambo hilo hadi Odeta ananiuliza kama naumwa."

Odeta alikuwa mkewe.

Mchezo ungeishia hapo, na uchaguzi ungepita, kama si Antoni. Huyu alikuwa mwandishi wa habari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyetuma habari za mkoani kwenye gazeti moja jipya la Dar es Salaam na kulipwa kwa ile iliyochapwa tu. Alikunywa bia mbili, akanakili namba za ubaoni, akaondoka bila kuuliza chochote. Gazeti liliposhuka na basi pale Nyegezi wiki iliyofuata, mume wa Justa alilileta mbio akiwa amelinyanyua juu.

Mumewe alikuwa Shigela. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba. Tangu wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika kuyumba, alikuwa hana kazi zaidi ya kukaa kona ya grosari na kueleza wateja jinsi nchi inavyopaswa kuendeshwa. Akasoma kwa sauti, akisimama kila nukta: "Utafiti: Kanda ya Ziwa yaamua. Wakazi elfu mbili na mia nne, wa rika zote na jinsia zote, wamehojiwa na watafiti..."

"Watafiti gani?" Justa akauliza. "Hapa wanakuja watu sitini. Na huyo fundi wa boti peke yake ana vizibo vinane kwa siku."

Antoni alipokuja tena alimuuliza hivyo hivyo. Kijana alitabasamu.

"Mama Kabula, sikuandika watu. Nimeandika wahojiwa."

"Kizibo kimehojiwa?"

"Kizibo ni maoni. Huko duniani wanapima hivi hivi, tofauti ni vifaa tu."

Shigela alicheka kwa majivuno, akamwagizia bia. Tangu siku hiyo alianza kuvaa shati la mikono mirefu, na mtu akimuuliza hali, alijibu kwamba utafiti umembana.

Gazeti lile lilisomwa na watu wengine pia. Kabla wiki haijaisha alikuja Shimba, mtu mnene mwenye kofia ya kampeni, akitembea kama mwenye nyumba. Alitazama madebe, akaona la mgombea wake, lililo la kwanza kwenye benchi, ni la pili kwa vizibo, akaagiza kreti nne.

"Wote kunyweni," alisema. "Kizibo kinaingia debe la kwanza."

Kesho yake akaja Ngosha, wa upande wa debe la tatu, mwembamba, mwenye adabu nyingi na miwani ya jua. Naye akaagiza kreti sita. Wateja hawakuona haya. Walikunywa za Shimba mchana na za Ngosha jioni, wakatia vizibo wanapoagizwa, na wale waliomwita mgombea wa mwenzao mwizi mwezi uliopita sasa walimshangilia mgombea wa yeyote aliyekuwa ameshika kifungulio cha chupa. Watu ambao Justa hakuwahi kuwaona walitoka Kitangiri na Igoma. Tumbo likijaa, walikwenda nyuma ya matete, wakajitia kidole kooni, wakatapika, wakafuta midomo kwa shati au kwa kiganja, wakarudi kuketi na kunyoosha mkono waongezewe.

Justa ndiye aliyemwaga majivu juu ya matapishi yale. Asubuhi nzi walikuwa wameyafunika kama blanketi, na mbwa walikuja kula. Ukuta wa jirani uliota ukungu wa mkojo. Alichota maji, akamwaga, akasugua, akachota tena, na chai aliyokunywa ilikuwa na ladha ya kile kilichokuwa kwenye ufagio wake. Aliacha kula nyama. Akawa hawezi hata kumtazama mtu akipangusa povu mdomoni.

"Tuache," alimwambia mumewe. "Huu si mchezo tena. Ni uchafu."

"Uchafu?" Shigela alishangaa. "Lini uliuza kreti ishirini kwa siku? Watu wanatoka Dar kusoma ubao wako, wewe unasema uchafu."

Siku hiyo hiyo Antoni alileta ushauri. Alisema wapinzani wa gazeti lake wanauliza maswali, hivyo utafiti lazima ukazwe. Soda zilikuwa zinaharibu hesabu, maana watoto hutumwa soda na mtoto si mpiga kura. Kitaalamu ziondolewe. Shigela hakungoja amalize. Alipanda kwenye stuli, akaandika juu ya ubao kwa herufi kubwa: SODA HAINA KURA.

Justa aliona maandishi yale akiwa amebeba kreti mikononi. Alifungua mdomo kusema, mtu akaita bia tatu, akaenda kuzitoa.

Saa kumi mzee Yakobo alifika. Alinyoosha shingo, akasoma ubao, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii imeandikwa kwa ajili yangu?"

"Hapana, baba. Ni mambo yao ya gazeti. Kaa, nikuletee soda yako."

"Na kizibo changu?"

Shigela akajibu kutoka kona yake, kwa upole kabisa, kwamba utaalamu ndivyo unavyotaka.

"Basi nipe bia," mzee akasema.

"Baba, na tumbo lako?"

"Nitaionja, iliyobaki utamwaga. Nipe, mwanangu. Mimi si mtoto aliyetumwa dukani."

Akampa. Alionja, akakunja uso, akakifuta kizibo kwa leso na kwenda kwenye madebe. Lakini Shimba alikuwa amekaa mbele, miguu imetandazwa, na akanyanyua mkono kama askari wa barabarani.

"Mzee, chupa imejaa hiyo. Chupa haijaisha, kura haijakamilika."

Watu waliangua kicheko. Hata Justa alidhani ni mzaha, mpaka alipomwona mzee amerudi mezani, ameketi wima, anakunywa. Aliimaliza yote macho yakiwa yamefumba. Kisha akainuka, akakinga mkono wake kwa mwingine kama kawaida yake, akatia kizibo chake.

Alifanya hivyo kila siku kwa karibu wiki mbili. Justa alimwambia asije, akaja. Alimwambia bia zimekwisha. Mzee akaelekeza kidole kwenye kreti zilizopangwa hadi darini. Alianza kukonda, na rangi ya midomo yake ikawa ya majivu. Justa alikusudia kwenda kwa Odeta amwambie. Kila siku alikusudia, na kila siku wateja walikuwa wengi.

Jumamosi ya hesabu, wiki mbili kabla ya uchaguzi, ukumbi ulijaa kiasi kwamba wengine walikaa juu ya kreti tupu. Madebe mawili yalikuwa yanakimbizana. Shimba na Ngosha wote walikuwepo, kila mmoja akiwa amelipia upande wake, na Antoni alikuwa na kamera. Mzee Yakobo alikuwa amefika katikati ya chupa yake alipoishusha mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na kutapika. Wa kwanza kuona walicheka, wakidhani naye anatafuta nafasi ya kuongezewa. Halafu waliona rangi yake. Ilikuwa damu, nyeusi, yenye madonge kama machicha ya kahawa, ikashuka kwenye shati na kwenye leso aliyokuwa ameishika. Akateleza chini ya meza.

Justa alipiga kelele. Alipiga magoti kwenye vitu vile, akamnyanyua kichwa. Vijana wawili wa Mwaloni wakamsaidia kumbeba hadi barabarani, na pikapu ya samaki ikasimama. Wakati wanampitisha mlangoni Justa aligeuka kutafuta kiatu cha mzee kilichomvuka. Ndipo alipomwona Shimba ameinama chini ya meza ile. Aliokota kizibo cha chupa ya mzee kwenye damu, kwa ncha za vidole viwili, akakipangusa kwenye kitambaa cha meza, akanyoosha mkono wake mnene, akakidondosha debe la kwanza.

"Alikuwa wetu," alisema, bila kumwambia mtu fulani.

"Hajamaliza chupa!" Ngosha akapaza sauti. "Hicho hakihesabiwi!"

Wakaanza kubishana. Justa aliwasikia hadi pikapu ilipoondoka.

Hospitali walimwekea mzee damu. Odeta alifika amefunga kanga juu juu, akamkuta Justa kwenye benchi la korido, nguo zimekauka na kuwa ngumu.

"Shikamoo, mama," Justa akasema.

Odeta hakuitikia. Alimnusa. Kweli alimnusa, kama mtu anavyonusa maziwa.

"Ulijua," alisema. "Wewe ulijua ana vidonda, maana mimi mwenyewe nilikuambia mwaka jana. Ananiambia anakwenda kunywa soda, harufu ninaisikia, nasema labda ni ya waliokaa naye." Kisha akaingia wodini na kufunga mlango.

Justa alirudi Kirumba jua likiwa linazama. Watu walikuwa wameondoka. Chini ya meza palikuwa hapajaoshwa. Mtu alikuwa ametupa magazeti juu, basi. Ubaoni hesabu ilikuwa imeshaandikwa kwa mwandiko wa Shigela, asilimia zikiwa na nukta, na debe la kwanza lilikuwa limeongoza.

"Nani alihesabu?" aliuliza.

"Tulikubaliana mimi na Antoni," mumewe akasema. "Basi lilikuwa linaondoka, ikabidi apeleke haraka. Hali ya mzee vipi?"

Alimtazama mwanaume aliyeishi naye miaka kumi na saba, shati la mikono mirefu, vumbi la chaki kwenye vidole, akasikia mate yanamjaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika. Alichukua debe la kwanza, akalipeleka choo cha shimo, akalimimina. Akarudi kuchukua la pili. Alipomaliza la nne alitupa na madebe yenyewe, la mwisho likakwama mdomoni mwa shimo, akalisukuma kwa mguu.

Jumatatu Shigela alikuwa amenunua madebe mengine na kubandika picha mpya. Ilimlazimu, maana wageni walikuwa njiani: redio moja ya nje, inayotangaza kwa Kiswahili, ilikuwa imesoma habari za utafiti wa Mwanza. Alikuja mwanamke nadhifu mwenye kinasa sauti begani. Shigela alimweleza mambo mengi ya kanda na sampuli, lakini mwanamke alitaka mwenye grosari. Akamwekea Justa kipaza sauti mbele ya mdomo.

"Mama, tuambie, watu wanakuja kutoa maoni yao hapa?"

"Watu wengi wanakuja," Justa akasema. "Wanakuja kutoka kila mahali, na kila mmoja anatia kizibo chake. Lakini hayo si maoni. Wananunuliwa bia na watu wa kampeni, wanatapika, wananunuliwa tena. Mzee wa watu yuko hospitali ametapika damu, na mtu wa kampeni akaokota kizibo chake kwenye damu akakihesabu. Namba zilizotoka gazetini hazikuhesabiwa na mtu yeyote. Zilitungwa na mume wangu huyu hapa, pamoja na mwandishi. Kawaambie watu hayo."

Shigela alikuwa ametoa macho. Mwanamke yule alitingisha kichwa kwa huruma, akamshika mkono, akasema asante mama, umeeleza vizuri sana.

Siku mbili baadaye walikusanyika kwenye redio ya muuza vitumbua, majirani wote. Sauti ya Justa ikatoka, imekwaruza kidogo: "Watu wengi wanakuja. Wanakuja kutoka kila mahali, na kila mmoja anatia kizibo chake." Kisha mtangazaji akasema kwamba hayo ni maneno ya mama mmoja mjasiriamali wa Mwanza, mahali ambapo demokrasia changa imepata ubunifu wake. Ukafuata muziki.

Majirani walimpigia makofi. Justa alitoka pale, akaenda nyuma ya nyumba ya watu, akatapika kweli. Alikuwa hajala kitu, yakatoka maji ya njano tu.

Alifunga grosari siku ile. Shigela aligomba, akaomba, akamwita shangazi yake wamkalishe mkewe kikao; Justa alisikiliza hadi mwisho, kisha akampa mwenye nyumba ufunguo. Shimba na Ngosha walihamia kilabu nyingine huko Kitangiri, na Antoni akawafuata.

Siku ya uchaguzi alipanga foleni kwenye uwanja wa shule tangu alfajiri. Mbele yake wanaume wawili aliowafahamu, wateja wake wa zamani, walikuwa wanasema hakuna haja ya kujichosha, gazeti limeshaonyesha nani anashinda. Mmoja alimgeukia.

"Mama Kabula, wewe mtaalamu. Tuambie ni nani."

"Sogea, foleni inakwenda," alimwambia.

Matokeo yalipotangazwa hayakufanana na hesabu ya ubao wake hata kwa mbali. Antoni aliandika kwamba utafiti ulikuwa sahihi isipokuwa tofauti ndogo za kitaalamu. Shigela aliikata habari hiyo na kuihifadhi.

Justa alianza kununua dagaa Mwaloni na kuwaanika kwenye miamba. Mzee Yakobo alikuwa ametoka hospitali wakati huo, ila hakuweza kutembea mbali, na kura hakupiga. Siku ile alikuwa bado wodini. Mara tatu Justa alikwenda kwake akakuta mlango umefungwa. Mara ya nne alibeba uji wa ulezi kwenye chombo chenye mfuniko na dagaa wachache kwenye gazeti, na Odeta akafungua. Alivipokea vyote viwili. Akaingia ndani, akaumimina uji, akaosha chombo, akakirudisha kikiwa kinachuruzika maji.

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mzee, nyembamba.

"Odeta, ni nani huyo?"

Odeta alimtazama Justa usoni.

"Ni mama mmoja anauza dagaa," alijibu, na kusukuma mlango taratibu hadi ukafunga.